Shajara ya mradi: protini zinazonasa kwenye DNA baada ya mionzi

Januari, wiki ya mwisho

Mradi umekubaliwa. Swali letu ni moja: mionzi ya gama ikipita ndani ya kiini cha seli, protini kiasi gani hubaki zimeshikana na DNA kwa kifungo cha kovalenti, yaani kifungo imara cha kikemia, na kiasi hicho hubadilikaje oksijeni inapokosekana?

Naandika sababu kabla kazi haijaanza. Sisi tulifundishwa tiba ya mionzi kwa lugha ya kukatika. Mionzi hukata uzi mmoja wa DNA, au hukata zote mbili, na seli iliyokatwa zote mbili ikishindwa kuziunga hufa. Hilo ni kweli na silibishii. Lakini chukua seli moja ya binadamu, ipe dozi ya Gy 1 (grei, kipimo cha nishati ya mionzi inayoingia mwilini), kisha hesabu majeraha. Besi, zile herufi za DNA, zilizoharibika ni maelfu. Uzi mmoja umekatika katika sehemu kama 1,000. Nyuzi mbili kwa pamoja zimekatika katika sehemu kama 40. Na protini zilizonasa kwenye DNA ni takriban 150. Idadi hiyo ya mwisho ni karibu mara nne ya mikatiko ya nyuzi mbili, na bado vitabu vingi huipa sentensi moja vikasonga mbele.

Halafu kuna suala la oksijeni, ambalo ndilo lililonivuta. Mwaka 1955 Thomlinson na Gray walieleza, kwa kuangalia vipande vya uvimbe wa saratani ya mapafu, kwamba seli zilizo mbali na mshipa wa damu hukosa oksijeni na zile za mbali zaidi hufa. Umbali wenyewe ni mdogo mno, haufiki hata robo ya milimita. Zile za katikati, zilizo hai lakini zenye njaa ya oksijeni, ndizo zinazosumbua: ili kuziua kwa mionzi ya gama unahitaji dozi mara 2.5 hadi 3 ya ile inayoua seli zenye oksijeni ya kutosha. Mikatiko ya nyuzi mbili hupungua pale oksijeni inapokosekana. Protini zilizonasa hufanya kinyume: huongezeka.

Kwa hiyo katika seli zilezile ambazo tiba inahangaika nazo, jeraha tunalolihesabu linapungua na jeraha tusilolihesabu linaongezeka. Kwetu Tanzania jambo hili si la vitabuni tu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na wengi wao hufika Taasisi ya Saratani Ocean Road uvimbe ukiwa mkubwa, damu imeshavuja kwa muda mrefu na mwili una upungufu wa damu. Uvimbe mkubwa ndani ya mwili wenye damu pungufu ni uvimbe wenye maeneo mengi yasiyo na oksijeni. Nataka tujue kinachotokea kwenye DNA ya seli za namna hiyo, na tuweze kukipima kwa vifaa tulivyonavyo.

Februari, mwanzoni

Tumeamua kuanza na damu ya kuku.

Chembe nyekundu za damu ya binadamu na ya mamalia wengine hazina kiini, lakini za ndege zinacho. Mililita chache za damu ya kuku zina viini kwa mabilioni, vyote vya aina moja, vimetulia, havigawanyiki. Watafiti wa histoni, yaani protini ambazo DNA huzungushwa juu yake, wameitumia damu hii kwa miongo mingi, na kuku ana hata histoni yake ya ziada, H5, inayoibana zaidi kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake. Bei yake kwetu ni nauli ya kwenda soko la Kisutu. Mchinjaji anatukingia damu moja kwa moja kwenye chupa yenye sodiamu sitreti, anaizungusha polepole isigande, tunaiweka kwenye barafu na kurudi nayo maabara.

Profesa alipousoma mpango wetu aliuliza jambo moja: hemoglobini mmeiweka wapi? Swali limebadilisha mpango mzima. Chembe nyekundu ni ghala la oksijeni. Ukipitisha nitrojeni juu yake ukadhani umeondoa oksijeni, hemoglobini itaendelea kuiachia kidogokidogo ndani ya seli, na sampuli uliyoiita isiyo na oksijeni haitakuwa hivyo. Zaidi ya hapo, hemoglobini ina chuma, na chuma kikikutana na peroksidi ya haidrojeni, ambayo nayo huzalishwa na mionzi kwenye maji, huzaa radikali za haidroksili za nyongeza, yaani vipande vyenye elektroni moja isiyo na mwenza, vinavyoshambulia chochote kilicho karibu. Tungekuwa tunapima vitu viwili kwa jina moja.

Basi tutatoa viini kwanza. Seli zinapasuliwa utando wa nje kwa sabuni laini ya maabara, viini vinazama kwenye sentrifuji, vinaoshwa na kuoshwa tena mpaka wekundu uishe na mashapo yawe meupe. Mashapo yakiwa bado na rangi ya waridi hatuendelei.

Februari, wiki ya tatu

Leo kazi ilikuwa ya karatasi na kalamu, na nadhani ndiyo siku muhimu zaidi mpaka sasa.

Jenomu ya binadamu, yaani DNA yote ya seli moja, ikihesabiwa nakala zote mbili, ina jozi za besi kama bilioni 6.4. Ukizigawa kwa protini 150 zilizonasa, unapata protini moja kwa kila jozi milioni 43 hivi. Kuku ana jenomu ndogo zaidi, kama theluthi moja ya hiyo, kwa hiyo tukichukulia kwamba uwiano ni uleule, seli yake itapata kama 50 kwa Gy 1. Msongamano kwenye uzi haubadiliki.

Sasa angalia kipimo. Njia tutakayotumia inategemea DNA iliyovunjwa vipande. Kipande chenye protini kinazama, kisicho na protini kinabaki kwenye maji. Tuseme vipande vyetu vina urefu wa jozi 10,000. Kwa Gy 1, kipande kimoja tu katika kila 4,300 ndicho kitakachokuwa na protini iliyonasa. Hiyo ni asilimia 0.023 ya DNA yote. Hapa kwetu hatuwezi kuiona, kwa sababu hata seli ambayo haijawahi kuguswa na mionzi ina protini zake zilizonasa kwa sababu nyingine: aldehidi zinazozalishwa na mwili wenyewe, na topoisomerasi, vimeng'enya vinavyofungua misokoto ya DNA, vilivyokwama katikati ya kazi. Kelele hiyo itaifunika ishara yetu.

Kwa Gy 100, hesabu inafika asilimia 2.3. Hapo tunaweza kuanza kuzungumza. Vipande vikiwa virefu zaidi, vya jozi 50,000, inafika kama asilimia 11. Ndiyo maana karatasi nyingi za utafiti zinatumia makumi au mamia ya Gy, dozi ambazo hakuna mgonjwa anayepewa kwa mkupuo mmoja. Msomaji anayekutana na namba hizo kwa mara ya kwanza hudhani watafiti wamezidisha. Hawajazidisha, ni kipimo ndicho kinachodai hivyo. Ila lazima tukumbuke wakati wote kwamba tunapima kwa dozi kubwa tukitumaini mstari unaenda sawa mpaka chini.

Urefu wa vipande basi si jambo la pembeni. Vikiwa virefu mno, protini moja inaburuta uzi mrefu na kipimo kinajaa upesi; vikiwa vifupi mno, ishara inapotea. Tutapitisha kila sampuli kwenye sindano ya unene uleule, kwa idadi ileile ya misukumo, na mtu mmoja ndiye atakayesukuma sampuli zote.

Machi, wiki ya kwanza

Kipimo kimesimama. Nakiandika kwa kirefu kwa sababu mwanafunzi yeyote mwenye sentrifuji, bafu la maji ya moto na kifaa cha kusoma mng'aro anaweza kukifanya.

Viini vinayeyushwa kwenye SDS, dawa ileile ya povu iliyomo kwenye shampuu nyingi. SDS hujipachika kwenye protini kwa wingi na kuzikunjua. Protini iliyokuwa imeshika DNA kwa mvuto wa chaji tu, kama histoni zinavyofanya kwa kawaida, inaachia. Iliyoshikana kwa kifungo cha kovalenti haiachii. Tunapasha kwa nyuzijoto 65 kwa dakika 10, kisha tunaongeza kloridi ya potasiamu na kuweka kwenye barafu. Potasiamu ikikutana na SDS hutengeneza chumvi isiyoyeyuka kwenye baridi, na mashapo meupe yanazama yakiwa yamebeba protini zote. DNA isiyo na protini inabaki juu. DNA iliyonaswa na protini inazama nayo. Mashapo yanaoshwa mara kadhaa kwa kuyeyushwa kwenye joto na kuzamishwa tena kwenye baridi, kisha tunakata protini kwa proteinesi K kwa nyuzijoto 50, na DNA iliyoachiwa tunaipima kwa rangi ya Hoechst, inayong'aa ikishika DNA. Njia hii ilielezwa na Zhitkovich na Costa mwaka 1992, na uzuri wake ni kwamba haihitaji chochote cha kuagiza kwa ndege isipokuwa rangi na kimeng'enya.

Kwa sampuli ya uhakika tulitumia fomalini, yaani fomaldehidi iliyoyeyushwa kwenye maji. Fomaldehidi huunganisha laisini (mojawapo ya amino asidi zinazojenga protini) za histoni na besi za DNA, na tulijua lazima ionekane. Ilionekana: DNA nyingi kwenye mashapo, wakati viini visivyoguswa vilitoa kidogo sana. Kisha jaribio la kuthibitisha. Sampuli ileile ya fomalini tuliipa proteinesi K mwanzoni, kabla ya potasiamu, na mng'aro kwenye mashapo ukashuka mpaka karibu na ule wa viini visivyoguswa. Kwa hiyo kinachoizamisha DNA ni protini, si kitu kingine. Tumefurahi sana maabara nzima.

Machi, baadaye

Taa ya UV ya nanomita 254, ile ya kuua vijidudu. Tumeitumia kabla ya kwenda kwenye gama kwa sababu ipo hapahapa na kwa sababu historia ya jambo hili ilianzia huko: mwaka 1962 Kendric Smith, na katika mwaka huohuo Alexander na Moroson, walieleza kwamba bakteria na seli zilizopigwa na UV zinakuwa na DNA iliyoshikana na protini. Smith aligundua kwamba kila dozi ilivyopanda, ndivyo DNA safi aliyoweza kuitoa ilivyopungua.

Viini vimetandazwa kwa tabaka jembamba kwenye sahani iliyo wazi juu ya barafu, maana kioo cha kawaida huzuia urefu huu wa wimbi. Wote tumevaa kinga ya uso; UV ya aina hii huunguza macho na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Ishara ilipanda na muda, kisha ikatulia. Inatosha kwa kusudi letu.

Ila UV si gama. Chembe moja ya mwanga wa nanomita 254 ina nishati ya eV (elektronivolti) 4.9 hivi. Inaiamsha besi ya DNA moja kwa moja na kuisukuma ijiunge na amino asidi inayoigusa, hasa sisteini. Haina nguvu ya kung'oa elektroni kwenye maji. Miale ya gama ya kobalti 60 ni ya eV milioni 1.17 na milioni 1.33, na hadithi yake inapita njia nyingine kabisa.

Aprili

Wiki hizi tumesoma na kubishana. Naandika tulichokubaliana kuhusu kemia yake, kwa sababu bila hiyo jaribio la oksijeni halieleweki.

Gy 1 ni juli moja kwa kilo. Kiasi hicho cha nishati kingepasha maji joto kwa nyuzijoto 0.00024 tu. Madhara yake hayatokani na joto bali na mahali nishati inapotua. Kiini cha seli kwa sehemu kubwa ni maji, na mwale ukipita hung'oa elektroni na kuvunja molekuli za maji. Kinachobaki kwa muda wa kufumba na kufumbua, kwa kweli chini ya hapo, ni radikali za haidroksili. Hizi hushika chochote kilicho karibu. Ndani ya seli haziwezi kusafiri zaidi ya nanomita chache kabla hazijagonga kitu.

Na kilicho karibu na DNA ni nini? Ni protini. DNA ya kiini haielei peke yake. Kila jozi 147 za besi zimezungushwa kwenye kifurushi cha histoni nane, zenye laisini na aginini tele zinazoshika uti wa mgongo wa DNA. Radikali ikizaliwa hapo, besi na amino asidi ziko bega kwa bega.

Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi ni wa thaimini, mojawapo ya besi za DNA, na tairosini, mojawapo ya amino asidi. Miaka ya 1980 Miral Dizdaroglu na wenzake, katika taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani huko Maryland, walichukua kromatini, wakaipiga mionzi, wakaichemsha kwenye asidi mpaka vipande vidogo kabisa, kisha wakavipima uzito. Walipata molekuli ambayo nusu yake ni thaimini na nusu yake ni tairosini. Njia yake ni hii: radikali ya haidroksili inaipokonya thaimini haidrojeni moja kutoka kwenye kikundi chake cha methili. Thaimini inabaki na kaboni yenye elektroni moja isiyo na mwenza. Kaboni hiyo inajishikiza kwenye pete ya tairosini jirani. Kifungo kikishakuwa cha kaboni kwa kaboni, joto halikifungui, chumvi haikifungui, SDS haikifungui. Kikundi hichohicho kilionyesha pia kifungo cha thaimini na laisini.

Kuna njia nyingine. Guanini ndiyo besi inayong'olewa elektroni kwa urahisi kuliko zote, na mwale ukiigonga DNA yenyewe, au uharibifu ukihama kwenye uzi, mara nyingi jeraha huishia kwake. Laisini iliyo jirani inaweza kuishambulia guanini hiyo iliyopungukiwa. Vilevile sukari iliyopoteza besi yake hubaki na aldehidi, na laisini hupenda aldehidi. Vifungo vya aina hii ya mwisho ni dhaifu, vingine vinaweza kuachia kwenye joto letu la nyuzijoto 65. Kwa hiyo kipimo chetu kinaona vile vilivyo imara na kupoteza sehemu ya vilivyo dhaifu. Tumeliandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa itifaki.

Sasa oksijeni. Rudi kwenye kaboni ya thaimini yenye elektroni moja. Oksijeni ikiwepo, inaidaka kaboni hiyo kwa kasi kubwa mno na kuigeuza kuwa radikali ya peroksili. Jeraha linakuwa la kudumu, besi imeharibika au uzi unaelekea kukatika, lakini tairosini imekosa mwenza. Oksijeni isipokuwepo, kaboni inabaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Glutathioni, molekuli ya kinga iliyomo ndani ya seli, inaweza kuirudishia haidrojeni na kuiponya kabisa, na hiyo ndiyo sababu mikatiko inapungua. Au jirani yake wa protini anaikamata kwanza. Jambo lilelile, yaani kutokuwepo kwa oksijeni, linaokoa uzi usikatike na linauacha ukinasa. Nilipolielewa hili niliacha kuziona protini zilizonasa kama mabaki ya pembeni ya jeraha kuu. Ni mwisho mwingine wa radikali zilezile.

Kundi la Hiroshi Ide katika Chuo Kikuu cha Hiroshima limelifanyia kazi swali hili kwa miaka, katika seli na katika uvimbe wa panya, na limeonyesha kwamba hali ya kukosa oksijeni huongeza protini zilizonasa. Sisi hatugundui jambo jipya hapo. Tunachotaka ni kuliona kwa macho yetu, kwa kipimo cha bei nafuu, ili maabara za hapa ziweze kuendelea nacho kwenye seli za uvimbe wenyewe.

Aprili, mwishoni

Hospitali moja imekubali tutumie mashine yake ya kobalti siku ambazo hakuna wagonjwa. Usalama wa mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, na hospitali ina utaratibu wake chini ya leseni hiyo. Sisi hatugusi mashine. Dada mwanafizikia tiba ndiye anayeendesha na kupima dozi.

Ametufundisha mambo matatu kwa kikao kimoja. Kobalti 60 hupungua nusu kwa miaka 5.27, kwa hiyo jedwali la dozi hushuka kwa asilimia moja na kidogo kila mwezi na lazima lirekebishwe. Dozi ya juu kabisa haiko juu ya maji bali kama nusu sentimita chini yake, basi chupa zetu zitazamishwa ndani ya kizuizi cha plastiki kilichochongwa. Na umbali: ukisogeza sampuli kutoka sentimita 80 hadi 40 unapata dozi mara nne kwa dakika ileile. Mashine ikitoa Gy 1 kwa dakika kwenye umbali wa kawaida, Gy 100 ni saa moja na dakika arobaini. Ukisogeza, ni dakika 25. Barafu yetu inaweza kuvumilia dakika 25.

Mei, kabla ya siku ya kobalti

Maandalizi ya nitrojeni yamechukua muda kuliko tulivyotarajia, na kila hatua imetufundisha kitu.

Kupitisha mapovu ndani ya viini hakufai, protini hutoa povu na kuharibika. Badala yake chupa inalazwa ubavu, majimaji yawe tabaka jembamba, inatikiswa taratibu juu ya barafu huku nitrojeni iliyopitishwa kwenye maji ikipita juu yake, kisha inafungwa kwa kizibo cha mpira. Chupa ni za kioo. Plastiki huhifadhi oksijeni ndani ya kuta zake na kuiachia kwenye sampuli kwa saa nyingi. Watafiti wa zamani wa mionzi walilijua hili na ndiyo maana karatasi zao zinataja sahani za kioo kwa mkazo.

Bafa, yaani maji yanayodhibiti asidi ya sampuli, imebadilishwa pia. Tris, ambayo kila mtu maabara huichukua bila kufikiri, inadaka radikali za haidroksili. Ukipiga mionzi ndani ya Tris unailinda DNA bila kukusudia. Tunapiga ndani ya fosfeti, na Tris inaingia baadaye.

Upande wa sampuli zenye oksijeni nao una mtego wake. Mionzi yenyewe hula oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, maana kila radikali ya kaboni inayodakwa inachukua molekuli moja. Mwaka 1959 Dewey na Boag walionyesha kwamba bakteria waliopigwa dozi kubwa kwa ghafla huwa kama wamewekwa kwenye mazingira yasiyo na oksijeni, kwa kuwa mionzi imeimaliza. Kwa Gy 100 zinazokwenda polepole haitaisha, lakini kwa mamia ya Gy ndani ya chupa iliyofungwa ingeweza. Kwa hiyo sampuli za hewa hazifungwi, na zina nafasi kubwa ya hewa juu yake.

Mei, baada ya kobalti

Sampuli zote zilirudi zikiwa baridi.

Gama imeonekana. Viini vilivyopigwa vina DNA nyingi zaidi kwenye mashapo kuliko vile vilivyokaa kwenye barafu nje ya chumba cha mashine, na proteinesi K inaifuta ishara hiyo kama ilivyofanya kwa fomalini. Dozi ikipanda, ishara inapanda. Katika hewa kupanda huko ni kwa wastani, na kwa dozi ndogo tuliyojaribu ni vigumu kuitenganisha na kelele, kama hesabu ya Februari ilivyoonya.

Nitrojeni iko juu ya hewa. Kwa dozi ileile, damu ileile, sindano ileile. Siandiki namba hapa mpaka marudio yakamilike, lakini mwelekeo umejirudia katika jozi zote tulizopeleka.

Sampuli mbili za pembeni nazo zimesema kitu. Moja ilikuwa na DMSO, inayodaka haidroksili. Ishara ilipungua lakini haikuisha, na hicho ndicho ungekitegemea iwapo sehemu ya vifungo inatokana na mwale uliogonga DNA yenyewe, bila kupitia maji. Nyingine ilipigwa ikiwa ndani ya chumvi ya moli 2 kwa lita, ambayo huzitoa histoni kwenye DNA. Ishara ilishuka sana. Chumvi nyingi nayo hubadilisha mambo mengine kwenye maji, kwa hiyo sitalibeba jaribio hili peke yake kama ushahidi. Lakini linaendana na picha ya majirani. Protini inayonaswa ni ile iliyokuwa imegusa DNA wakati mwale unapita.

Juni

Swali la Profesa safari hii: basi protini imenasa, seli inapata hasara gani?

Viini vyetu vya kuku havitalijibu, maana havinakili DNA. Katika seli inayogawanyika, mashine ya kunakili inasafiri juu ya uzi na kukuta mzigo ambao haiwezi kuufungua. Mzigo mdogo seli inaweza kuukata pamoja na kipande cha uzi, kwa njia ileile inayotoa majeraha ya UV. Histoni nzima ni kubwa mno kwa njia hiyo. Hapo inahitajika protini ya kukata protini. Mwaka 2014 kundi la Stefan Jentsch huko Ujerumani liliionyesha katika hamira, inaitwa Wss1. Kwa binadamu kazi hiyo hufanywa na SPRTN, inayotafuna protini iliyonasa mpaka ibaki kipande kidogo ambacho mashine ya kunakili inaweza kukipita. Mwaka huohuo watafiti walieleza watu waliozaliwa na SPRTN yenye hitilafu: wanazeeka mapema na wanapata saratani ya ini wakiwa bado vijana. Kwa wingi huo wa madhara kutokana na kimeng'enya kimoja kudhoofika, siwezi kukubali kwamba protini zilizonasa ni jeraha dogo.

Na hapo ndipo uvimbe usio na oksijeni unapokuwa na maana mpya kwangu. Seli zake hustahimili mionzi kwa kuwa zimekatwa kidogo, lakini zimebeba mizigo mingi zaidi. Oksijeni ikirudi kati ya dozi moja na nyingine na seli ikajaribu kugawanyika, itategemea SPRTN na wenzake. Dawa ya kuidhoofisha njia hiyo ndani ya uvimbe ingegusa seli zilezile ambazo mionzi inazikosa. Hilo linahitaji seli hai za saratani ya mlango wa kizazi, kabati la kukuzia seli lenye udhibiti wa oksijeni, na fedha. Ombi la fedha nimeanza kuliandika.

Kilicho mkononi sasa ni marudio. Tumepewa Jumamosi nyingine ya kobalti. Tutapeleka dozi nne, kila moja kwa hewa na kwa nitrojeni, pamoja na sampuli za fomalini na zisizoguswa, na alama za chupa zitabandikwa na mtu ambaye hatakuwepo wakati wa kusoma mng'aro.